Mlezi na Mrithi

Mtoto aliyefiwa na wazazi wake hupewa mlezi, na watu wote wajua ya kuwa ulezi huo una kikomo. Miaka hupita, mtoto hukua, hata siku moja husimama mbele ya mlezi wake na kusema, "Nipe kilicho changu." Mlezi aliyekula mali ya yatima huiogopa siku hiyo. Lakini yuko mtu mwingine ahitajiye kuangaliwa, naye ni mtu mzima ambaye akili zake zimeharibika kwa ugonjwa, au hazikukomaa tangu kuzaliwa kwake, au zimechoka kwa uzee. Huyu naye aweza kuwa na shamba, na ng'ombe, na nyumba, pengine na ufalme, wala hana nguvu ya kuvitunza. Mlezi wake haoni mbele yake siku yo yote ya kudaiwa hesabu. Basi nani awe mlezi wa mtu wa namna hii, na nani amwangalie huyo mlezi? Swali hili limewasumbua waamuzi kwa muda wa miaka zaidi ya 2,000, nasi twataka kueleza jinsi lilivyojibiwa huko Ulaya, mahali pengine kwa busara na mahali pengine vibaya sana.

Tuanze na Warumi. Yapata mwaka 450 kabla ya kuzaliwa Kristo, sheria zao ziliandikwa katika mbao kumi na mbili, zikawekwa mahali pa hadhara ili kila mtu azijue. Humo iliamriwa ya kuwa mtu aliyeshikwa na wazimu, ikiwa hana mlinzi, yeye na mali yake wawe chini ya mamlaka ya jamaa zake wa upande wa kuumeni. Tena katika mbao zizo hizo iliandikwa ya kuwa mtu akifa pasipo wosia wala watoto, warithi wake ni jamaa hao hao. Warumi wa kale hawakuona neno baya katika jambo hili. Walilolitaka ni kwamba mali ya ukoo isitawanyike. Mgonjwa mwenyewe alikuwa jambo la pili. Wala tusiwacheke, maana katika koo nyingi za kwetu pia, ndugu ashikaye jembe katika shamba la mgonjwa ndiye huyo atakayeligawa mgonjwa akiisha kuzikwa.

Baadaye maliwali wa Rumi walianza kumchagua msimamizi wao wenyewe. Na Kaisari Justinian, katika karne ya 6, alikata shauri moja tulionalo kuwa kubwa. Watu walibishana juu ya mtu ambaye wazimu humjia na kumwacha: je, siku za akili timamu yu chini ya nani? Justinian akasema, siku hizo mtu huyo na afanye mambo yake mwenyewe, na msimamizi wake akae kimya, asiondolewe, hata ugonjwa urudipo. Kwa shauri hili sheria ilikiri ya kuwa mgonjwa aweza kurudi kwake mwenyewe, na akirudi na akute mlango u wazi. Wasomaji wa kitabu cha Danieli watamkumbuka Nebukadreza, aliyefukuzwa kati ya wanadamu akala majani kama ng'ombe hata nyakati saba zikapita. Akili zake zilipomrudia, madiwani wake walimtafuta, akathibitishwa tena katika ufalme wake. Twastaajabia majani, tukasahau hao madiwani. Katika muda wote ule hakuna aliyejitwalia kile kiti.

Huko Uhispania, miaka 2,000 baada ya zile mbao za Rumi, kiti hakikungojewa hivyo.

Isabel, malkia wa Castilla, aliolewa na Fernando, mfalme wa Aragón, lakini falme zao hazikufanywa kuwa mali moja: Castilla ilikuwa ya mke, na Aragón ya mume. Binti yao Juana alizaliwa Toledo mwaka 1479. Hakutazamiwa kurithi, kwa kuwa alikuwa na kaka na dada waliomtangulia. Lakini kaka akafa mwaka 1497, dada akafa mwaka 1498, na mtoto wa huyo dada akafa mwaka 1500. Hivyo Juana, ambaye alikuwa amekwisha kuolewa Flanders na mtoto wa mfalme aitwaye Felipe, akawa mrithi wa Castilla. Wakati huo habari zake zilianza kusemwa. Alikuwa na wivu mkali juu ya mumewe, aliyempa sababu nyingi za wivu. Alikasirika, akakataa chakula. Mwaka 1503, alipokuwa kwa mama yake akazuiwa kumfuata mumewe, alikaa nje usiku katika baridi kwenye lango la ngome ya Medina del Campo, wala hakukubali kuingia ndani.

Isabel alikufa tarehe 26 Novemba, 1504. Katika wosia wake aliandika ya kuwa Castilla ni ya Juana. Walakini, ikiwa Juana hayupo, au yupo lakini hataki au hawezi kutawala, Fernando baba yake atawale badala yake hata mjukuu Carlos atimize miaka 20. Msomaji na ayapime maneno hayo. Juana akiwa mzima, Fernando hana lake tena katika nchi aliyoitawala na mkewe kwa miaka 30. Juana akiwa mgonjwa, Fernando ni mtawala kama zamani. Naye Felipe mumewe hali yake ilikuwa hiyo hiyo: mke akiweza, yeye ni mume wa malkia tu, mke asipoweza, yeye ni mfalme.

Mwezi wa Januari, 1505, Fernando aliwakutanisha wajumbe wa miji, yaani baraza waliloliita Cortes, katika mji wa Toro. Huko zikasomwa habari za mwenendo wa Juana, zilizoandikwa na mtumishi mmoja wa Felipe. Mume alikuwa ameziandikisha kwa ugomvi wake wa nyumbani, na sasa baba akazitumia kuwa ushahidi. Wajumbe wakakubali ya kuwa malkia hawezi, na Fernando akawa msimamizi wa nchi. Juana mwenyewe alikuwa Flanders. Hakuna mjumbe aliyemwona wala kumwuliza neno moja.

Mwaka uliofuata Felipe na Juana walifika Castilla, na mabwana wengi wakamwacha Fernando wakamfuata Felipe. Ndipo baba na mume, waliokuwa wakigombana kwa ajili ya nchi, wakapatana juu ya jambo moja: Juana asitawale. Mapatano hayo yalitiwa sahihi Villafáfila tarehe 27 Juni, 1506. Na siku ile ile Fernando akaandika karatasi nyingine kwa siri, akisema ya kuwa ametia sahihi kwa kulazimishwa na kwamba binti yake ananyang'anywa haki yake! Katika mabwana wa Castilla ni Admirali aliyetaka kuzungumza naye uso kwa uso kwanza, naye alipokwisha kuzungumza naye hakukubali afungiwe.

Felipe alikufa ghafula tarehe 25 Septemba, 1506. Watu wote wajuao jina la Juana wajua yaliyofuata: jinsi alivyosafiri usiku katika nchi ya Castilla pamoja na jeneza la mumewe, hali ana mimba, hata akamzaa Catalina njiani, katika kijiji cha Torquemada, mwezi wa Januari, 1507. Hadithi hiyo imechorwa na wachoraji na kuchezwa katika michezo. Jambo lisilochorwa ni kwamba mwezi wa Disemba, kati ya kilio hicho hicho, malkia aliandikisha amri ya kufuta zawadi zote za mali ya ufalme zilizotolewa tangu kifo cha mama yake. Mabwana waliojishibisha wakati wa Felipe hawakuipenda amri hiyo, wala hatushangai.

Fernando akarudi mwaka 1507 na kuushika utawala. Mwezi wa Februari, 1509, Juana aliwekwa katika jumba la mji wa Tordesillas, juu ya mto Duero. Alikuwa na umri wa miaka 29. Alikaa humo miaka 46.

Fernando alikufa mwezi wa Januari, 1516. Carlos, mwana wa Juana, alikuwa na miaka 15, bado hajatimiza ile 20 ya wosia. Akajitangaza mfalme pamoja na mama yake akiwa bado yuko mbali, huko Flanders. Mwaka 1518 alimweka bwana mmoja, Marqués wa Denia, awe mkuu wa nyumba ya Tordesillas. Huyo Denia alimficha malkia kifo cha baba yake. Miaka ilipita, na mwanamke yule akaongozwa kuamini ya kuwa Fernando yu hai, ya kuwa yote yatendekayo ni mapenzi ya baba yake, na akitaka neno na amwandikie. Sisi tumesoma mambo mengi ya ukatili katika historia za wafalme, lakini hili la kumfanya binti awaandikie wafu twaliona kuwa miongoni mwa mabaya zaidi, maana halikuacha alama mwilini.

Hata mwaka 1520 miji ya Castilla iliasi juu ya Carlos na washauri wake wa kigeni. Waasi wakaingia Tordesillas mwishoni mwa Agosti, Denia akaondolewa, na malkia akapata kuijua kweli. Wakamwomba atie sahihi amri zao. Kwa sahihi moja uasi ungalikuwa serikali, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nchi. Aliwasikiliza, akawajibu kwa adabu na kwa maneno yanayofahamika. Lakini kutia sahihi hakukubali, siku hiyo wala baadaye. Wengine huliona jambo hilo kuwa dalili ya ugonjwa. Wengine husema hakutaka kumdhuru mwanawe. Sisi twaona ya kuwa mtu akataaye kutia sahihi karatasi asizoziamini, katikati ya watu wenye silaha, ana akili ya kutosha kwa jambo hilo angalau. Tarehe 5 Disemba jeshi la Carlos likautwaa mji tena, na Denia akarudi kwenye kazi yake.

Hatusemi ya kuwa Juana alikuwa mzima. Bibi yake mzaa mama aliishi miaka mingi Arévalo hali akili zake zimevurugika, na Juana mwenyewe katika uzee wake alisema ya kuwa wanawake waliomtumikia ni wachawi. Pengine alikuwa mgonjwa tangu mwanzo, pengine miaka ile ilimfanya mgonjwa. Nani awezaye kukaa hivyo miaka 46 asibadilike? Tunalosema ni kwamba waliokata shauri la ugonjwa wake walikuwa mume, baba na mwana, na kila mmoja wao angepoteza ufalme kama angalionekana mzima. Ni kama kumkabidhi fisi zizi la mbuzi, kisha kumwuliza fisi kama mbuzi ni wazima. Na jina lake halikufutwa, kwa sababu bila jina hilo Carlos hakuwa na haki kamili. Amri za Castilla ziliandikwa kwa jina la Juana na la Carlos. Hata fedha iliyopigwa Mexico, ng'ambo ya bahari, ilikuwa na majina yao mawili, hali malkia mwenyewe hakuruhusiwa kutoka nyumbani. Alikufa tarehe 12 Aprili, 1555, siku ya Ijumaa Kuu, mwenye miaka 75.

Sasa tuvuke bahari twende Uingereza, ambako hatari hiyo ya mrithi ilitambuliwa mapema, ingawa si kwa moyo safi tangu mwanzo. Sheria yao iliyoandikwa yapata mwanzo wa karne ya 14 iligawa watu hao mafungu mawili. Aliyezaliwa pasipo akili, mfalme alishika ardhi yake na kula mazao yake, ila amlishe na kumvika, na baada ya kifo chake airudishe kwa warithi. Lakini aliyekuwa na akili zikampotea, mfalme alimlinda bila kuchukua kitu. Mazao yamlishe yeye na nyumba yake, na yatakayozidi yawekwe akiba hata apone. Mmoja ni amana, na mwingine ni mawindo. Haikupita muda, watu wa nyumba ya mfalme wakawa wakimwomba awape mpumbavu fulani, yaani mpumbavu mwenye mashamba. Katika Kiingereza jambo hilo likawa msemo wa mzaha: kumwomba mtu awe mpumbavu wako.

Iliwapasa watu 12 walioapishwa kuamua kama mtu ni wa fungu gani. Mwanasheria Fitzherbert, mwaka 1534, aliandika ya kuwa mtu asiyeweza kuhesabu peni ishirini, wala kuwataja baba yake na mama yake, wala kusema ana umri wa miaka mingapi, ndiye mpumbavu wa kuzaliwa. Kwa swali hilo la tatu babu zetu wengi, waliojua ya kuwa walizaliwa mwaka wa nzige au mwaka wa njaa fulani, wangalipotewa na mashamba yao siku moja.

Mambo hayo yalipohamia mkononi mwa mahakama ya Chancery, kazi ya ulezi ilikatwa vipande viwili, na hapa ndipo tunapopenda busara ya Waingereza. Mwanasheria Blackstone, katika kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1765, aeleza desturi hiyo. Mali ya mgonjwa mara nyingi hukabidhiwa mrithi, kwa sababu mrithi ana faida mali ikitunzwa vizuri. Walakini yampasa kutoa hesabu mbele ya mahakama, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini mwili wa mgonjwa, yaani chakula chake, kitanda chake na dawa zake, ni mara chache mrithi kukabidhiwa, kwa sababu ana faida mgonjwa akifa. Mwili hupewa jamaa mwingine asiye na urithi wa kungojea. Kama desturi hiyo ingalikuwako Castilla, Fernando angaliweza kusimamia nchi kwa hesabu, na mtu mwingine kabisa angalikaa na Juana.

Desturi hiyo ilijaribiwa juu ya mfalme mwenyewe. Mwaka 1788 Mfalme George III aliugua, akawa akisema mfululizo mchana na usiku, na waganga wake wakaulizwa maswali mbele ya Bunge. Mwanawe mkubwa alikuwa na madeni mengi na rafiki wenye hamu ya vyeo. Sheria ya kumfanya mwana mtawala badala ya baba ilikuwa karibu kupitishwa, mfalme akapona mwanzoni mwa mwaka 1789, akakuta kiti chake kipo. Ugonjwa ulimrudia mwaka 1810, naye hakupona tena. Kwa sheria ya mwezi wa Februari, 1811, utawala alipewa mwana, tena kwa mipaka kwa muda wa mwaka mmoja, kwa kuwa baba aweza kupona. Lakini mwili wa mfalme alipewa Malkia Charlotte mkewe, pamoja na baraza la kumsaidia. Malkia alipokufa mwaka 1818 kazi ilipewa mwana wa pili, Duke wa York, kwa malipo ya pauni 10,000 kwa mwaka, na katika Bunge wako waliouliza kwa nini mwana alipwe kwa kumwangalia babaye. Mfalme alikufa Windsor tarehe 29 Januari, 1820, kipofu, akili zake hazipo, lakini bado ni mfalme.

Tusidhani ya kuwa maskini wa Uingereza walipata ulinzi huo. Mahakama ya Chancery ilikuwa ghali, na asiye na mali hakuwa na mtu wa kumgombania. Yeye alifungiwa tu.

Katika siku za karibu fikira za watu zimegeuka. Ujerumani ilifuta tangu tarehe 1 Januari, 1992, hukumu ya kumtoa mtu mzima katika haki zake zote, ikaweka badala yake msaidizi kwa yale mambo tu asiyoyaweza. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa haki za watu wenye ulemavu. Kifungu chake cha 12 chataka mtu asaidiwe kutoa shauri lake mwenyewe, mapenzi yake yaheshimiwe, na msaada huo uwe wa muda mfupi iwezekanavyo na uchunguzwe mara kwa mara na mwamuzi asiye na upendeleo. Kenya na Uganda ziliukubali mkataba huo mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Je, kifungu hicho kimefika katika baraza la ukoo, pale shamba la mgonjwa linapozungumzwa na mgonjwa ameketi nje? Hilo kila msomaji aweza kuliangalia kijijini kwake.

Uhispania nayo imebadili sheria yake. Kwa sheria ya mwaka 2021, iliyoanza kazi tarehe 3 Septemba mwaka huo, mtu mzima hawezi tena kutangazwa na mahakama ya kuwa hana uwezo, na ulezi wa kale juu ya watu wazima umeondolewa. Msimamizi huwekwa pale tu msaada mwingine usipotosha, wala mwamuzi hana ruhusa kumteua mtu ambaye faida yake yapingana na faida ya huyo anayesaidiwa, isipokuwa kwa sababu ya pekee ambayo yampasa kuieleza. Tena waliohukumiwa zamani waweza kuomba wakati wo wote hukumu zao ziangaliwe upya, na mtu akiisha kuomba, mahakama yapaswa kumaliza kazi hiyo katika muda wa mwaka mmoja.